Otomatiki au gia za mkono? Maswali ya wenye magari ya kasi

Wasomaji wa Kampala na mikoani wametuuliza juu ya giaboksi kuliko jambo lingine lolote la magari ya kasi. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Naishi Mukono, kazi yangu iko Kampala. Nimeona Subaru Impreza WRX mbili za umbo la 2000 hadi 2007, bei zao zinakaribiana: moja otomatiki, nyingine gia za mkono. Wenzangu wanasema WRX ya otomatiki si WRX. Nichukue ipi? (Msomaji, Mukono)

Wenzako hawatakuwa nawe kwenye foleni ya Kireka saa moja asubuhi mguu wako wa kushoto ukikanyaga klachi kwa mara ya mia mbili. Hata hivyo wana hoja kidogo. Magari hayo mawili yana jina moja, lakini chini hayafanani. Ya otomatiki ina gia 4 tu. Kila inapopanda gia, mizunguko ya injini hushuka sana, turbo inapoa (inapoteza msukumo), na gari linaonekana kama limesinzia. Ya mkono ina gia 5 na hukaa vizuri ndani ya nguvu ya turbo. Kwa upande mwingine, otomatiki hiyo hugawa nguvu 45 kwa mia mbele na 55 nyuma, ilhali ya mkono hugawa nusu kwa nusu. Ndiyo maana wengine huiona otomatiki nyepesi zaidi kwenye kona.

Ujue pia kwamba giaboksi ya gia 5 ina ugonjwa wake. Dereva akipandisha injini hadi mizunguko 5,000 kwa dakika kisha akaachia klachi ghafla kwenye lami kavu, magurudumu yote manne hushika na hakuna linaloteleza. Kishindo chote huishia kwenye meno ya gia, na gia ya 3 ndiyo hukatika mara nyingi. Giaboksi ya gia 6 ya STI, yaani WRX yenye nguvu zaidi, ni ngumu zaidi kwa mbali, basi usichanganye sifa za hiyo na za WRX ya kawaida.

Kwa njia yako tungechukua otomatiki, mradi ni nzima. Tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kuundwa, gari la umbo hilo utalipata mkononi mwa mtu tu, kwa hiyo umri na matumizi ndiyo yanayoamua. Lione likiwa baridi. Liwashe, kanyaga breki, toa P weka D: likichukua zaidi ya sekunde mbili kushika, presha ya oili imeshuka au klachi za ndani zimelika. Vuta kijiti cha oili ya giaboksi. Nyekundu ni nzuri, kahawia yenye harufu ya kuungua ni hasara inayokusubiri. Kisha kunja usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye lami. Gari likijivuta au kurukaruka kana kwamba breki imekaza, klachi inayogawa nguvu kwenda nyuma imeganda.

Ya mkono ijaribu hivi: uwe gia ya 4, kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na kasi ikabaki palepale, klachi inateleza. Halafu panda kutoka 2 kwenda 3 kwa haraka. Ikikwaruza, sinkro (pete zinazolainisha kuingia kwa gia) zimekwisha. Ikiruka yenyewe kutoka kwenye gia unapoachia mafuta, ondoka hapo bila kuuliza bei ya mwisho.

Na kwa zote mbili, tairi nne ziwe za saizi moja na zimelika sawasawa. Subaru inataka mzingo wa tairi usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Anayefunga tairi mbili mpya na mbili kuukuu anailazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, ifanye kazi safari nzima, hata kwenye njia iliyonyooka.

Je, naweza kuagiza WRX mpya zaidi kutoka Japani yenye gia za mkono? (Msomaji, Ntinda)

Sedani iliyoanza 2014 iliuzwa Japani kwa majina mawili. WRX S4 ilikuja na CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) peke yake, na WRX STI ikaja na gia 6 za mkono peke yake. Tangazo la "S4 manual" ama limekosea jina, ama giaboksi imebadilishwa. Kuna pia STI A-Line ya kuanzia 2009, yenye injini ya lita 2.5 na otomatiki ya gia 5. Wengi hununua hiyo wakidhani ni STI kamili kwa sababu ya umbo.

Golf GTI yangu ina DSG (otomatiki ya Volkswagen yenye klachi mbili). Muuzaji aliniambia oili yake ni ya maisha. Sasa kwenye foleni inatetemeka inapoanza kuondoka. Imekufa? (Msomaji, Mbarara)

Huenda haijafa. Lakini oili ya maisha haiko kwenye giaboksi hiyo. DSG ya gia 6 iliyo kwenye Golf GTI ya kizazi cha 5 na cha 6 ina klachi mbili zinazoogelea ndani ya oili, na mtengenezaji mwenyewe anataka oili na kichujio vibadilishwe kila kilomita 60,000. Oili ikizeeka hujaa vumbi la klachi, vali za mekatroniki (kifaa kinachoongoza gia na klachi) huanza kukwama, na matokeo yake ni mtetemo huo kati ya gia ya 1 na 2.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina mitego. Kwenye tundu la kumwagia oili kuna kibomba cha plastiki kinachopima kimo. Fundi asiyekijua hufungua nati ya nje tu, akatoa oili kidogo na kudhani amemaliza. Lazima kibomba hicho kifunguliwe oili yote ya chini itoke, kisha kirudishwe kabla ya kujaza. Kichujio kiko juu, upande wa betri. Itaingia oili ya lita 5 na nusu hivi, na iwe oili ya DSG, kamwe isiwe ATF (oili ya otomatiki za kawaida) ya Toyota hata kama rangi haimpi fundi shaka. Kimo hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, joto linalosomwa kwa mashine ya uchunguzi na si kwa kugusa kwa mkono. Ikipita hapo oili hutanuka, inamwagika zaidi ya inavyotakiwa, na unaendesha giaboksi yenye upungufu. Baada ya hapo mashine itumike kuifundisha giaboksi upya mahali klachi zinaposhika. Mtetemo ukibaki baada ya yote hayo, klachi au mekatroniki ndiyo yenye kosa.

Kwenye foleni, usiisogeze kidogokidogo. Acha nafasi ya gari moja na nusu mbele yako, kisha uondoke mara moja hadi klachi ishike kabisa. (Taksi itaingia kwenye nafasi hiyo. Mwache aingie.) Ukisimama kanyaga breki kwa uhakika, maana hapo ndipo klachi inapofunguka. Mguu mwepesi juu ya breki huifanya isuguane muda wote. Usithubutu kulishikilia gari mlimani kwa mafuta.

Anayetafuta gari dogo zaidi ajihadhari: Polo GTI ya lita 1.4 ya mwaka 2010 ilifungwa DSG ya gia 7 yenye klachi kavu. Hiyo haina oili ya kupooza klachi, na kwa foleni za Kampala hatuishauri hata kwa bei nzuri.

Ipi ina kasi zaidi? Tumebishana hadi tumechoka. (Wasomaji wawili, Jinja)

Otomatiki ya kisasa, na ubishi huo ulikwisha zamani. Mwaka 1989 Ferrari ilileta 640 kwenye Formula 1, dereva akibadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, na Nigel Mansell alishinda nayo mbio za kwanza kabisa, Brazili. Kwa magari ya barabarani, tazama Porsche 911 Carrera S ya kizazi cha 992. Yenye PDK (otomatiki ya Porsche yenye klachi mbili) na kifurushi cha Sport Chrono hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.5, ya gia za mkono kwa 4.2. Klachi moja inaachia huku ya pili inashika, turbo haipati nafasi ya kupoa.

Lakini Porsche hiyohiyo ilitoa 911 GT3 mwaka 2013 bila gia za mkono, wateja wakalalamika, na mwaka 2017 ikazirudisha. Toyota nayo ilianza GR Yaris ya turbo 2020 kwa gia za mkono peke yake, otomatiki ya gia 8 ikaja 2024. Wanaochagua mkono leo hawatafuti sekunde. Mkibishana juu ya raha, hapo endeleeni.

Klachi yangu hudumu miezi minane tu. Fundi anasema spea siku hizi ni mbovu. (Msomaji, Makindye)

Inawezekana, lakini tungemuuliza kwanza alibadilisha nini. Klachi pleti peke yake haitoshi. Seti ni pleti, presha pleti, rilisi biringi na biringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Flaiwili yenyewe ichongwe kwa mashine ikiwa ina mabaka ya bluu, kwani mabaka hayo ni chuma kilichoungua na pleti mpya haitashika juu yake. Giaboksi ikiwa chini, sili ya nyuma ya krenki ikaguliwe. Tone la oili likifika kwenye pleti, kazi yote imekwenda bure. Kama gari limeongezewa nguvu kwa programu, presha pleti ya kiwandani inaweza isiumudu mzigo huo hata ikiwa mpya.

Halafu ni wewe. Kwenye mlima wa Makindye, vuta breki ya mkono, weka gia ya 1, achia klachi hadi usikie pua ya gari ikiinuka kidogo, ongeza mafuta hadi mizunguko 1,500 hivi, ndipo ushushe breki ya mkono. Kulishikilia gari kwa klachi kwa dakika moja kunaunguza zaidi ya kuondoka mara kumi. Pleti mpya ipe kilomita 800 za mjini bila kuondoka kwa fujo.

Mteremko wa kutoka Kabale kwenda Kisoro: otomatiki ni hatari? (Msomaji, Kabale)

Hatari ni kuiacha kwenye D na kukaa juu ya breki, au kuweka N ili kuokoa mafuta. Ingia gia ya 2 au ya 3 kwa mkono kabla mteremko haujaanza, injini ikae kati ya mizunguko 3,000 na 4,000, na breki uzitumie kwa vipindi vifupi vya nguvu. Injini ya kisasa hukata petroli kabisa hapo, kwa hiyo N haikuokolei kitu.

Subaru Legacy GT yangu ni otomatiki. Je, nibadilishe iwe ya gia za mkono? (Msomaji, Entebbe)

Piga hesabu kwanza ya kuiuza na kununua ambayo ilitoka kiwandani hivyo. Mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu. Ukishikilia, giaboksi ni mwanzo tu. Unahitaji pedali, silinda mbili za klachi, flaiwili na seti ya klachi, stata ya gari la mkono, kishikio cha gia na fito zake, mhimili wa kubeba giaboksi, propela ya urefu unaofaa, na kompyuta ya injini. Ile ya otomatiki itaendelea kuitafuta kompyuta ya giaboksi ambayo haipo. Waya wa stata unaopitia P na N uhamishiwe kwenye swichi ya pedali ya klachi, la sivyo gari halitawaka, au waya ukiunganishwa moja kwa moja litawaka likiwa ndani ya gia na kuruka.

Kosa linaloua magari haya ni difu ya nyuma. Uwiano wake ni lazima uendane na giaboksi, vinginevyo mbele na nyuma vitavutana hadi difu ya katikati iungue. Nunua giaboksi pamoja na difu yake kutoka gari lilelile. Ukiuziwa difu kwenye soko la spea la Kisekka bila ushahidi, ishike mkononi kabla ya kulipa. Zungusha mihimili yote miwili ya magurudumu pamoja mara 10 na uhesabu mizunguko ya upande wa propela. Ikifika 41 na kidogo, uwiano ni 4.11, ikizidi 44, ni 4.44.