Ukuta wa Koti: Ushauri kwa Anayetaka Kutengeneza Mozaiki na Majirani

Mtu akiniuliza aanzie wapi kutengeneza mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae, vyombo na vioo vilivyobandikwa ukutani, na majirani zake, humwambia aanze na ukuta wenyewe. Picha itakuja baadaye. Kuta nyingi za mitaa yetu hapa Nairobi zimepakwa rangi juu ya rangi: ya mwenye nyumba, ya kampeni, ya tangazo la soda, kisha ya mwenye nyumba tena. Gundi ya vigae ukiipaka hapo inashika rangi tu, na siku rangi itakapobanduka itaondoka na kazi yenu yote. Tafuteni fundi, mpeni tindo na nyundo, aparuze mpaka plasta ionekane. Kama chini kuna unyevu, zibeni chanzo chake kwanza. Plasta mpya ikipigwa, imwagiliwe maji siku za mwanzo, kisha iachwe wiki nne hivi ikomae. Msianze Machi wala Oktoba, mvua itawakuta katikati. Januari ni nzuri, na kuanzia Juni pia, ingawa baridi ya Julai huchelewesha kukauka.

Hatua hii haina cha kupiga picha, na ndiyo maana vikundi vingi huiruka.

Ninaishi Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, nyumba zikipangwa katika koti, yaani nyumba kadhaa zinazotazamana na kutumia lango moja. Waliobuni mpango huo walitaka watu waonane. Leo wengi wetu ni wapangaji, nyumba zimeongezwa vyumba mbele na nyuma, na mtu anaweza kukaa miaka akimjua jirani kwa nambari ya gari lake tu. Nimefanya mozaiki kwenye ukuta wa koti yetu na nimesaidia koti nyingine kufanya zao, na nina imani kubwa na kazi hii. Mchoro wa rangi huchorwa na mtu mmoja mwenye kipaji huku wengine wakitazama. Mozaiki inahitaji mikono: ya kuvunja, kuosha, kupanga rangi, kubandika, kujaza, kufuta. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kutenga vipande vya buluu na vya kijani. Nyanya mwenye magoti mabovu anaweza kuketi kwenye kigoda akakata vigae kwa koleo asubuhi nzima, na hakuna atakayemzidi kwa usahihi.

Kuna wanaodhani sanaa hii ni ya makanisa ya Ulaya. Ni kweli kwamba Ravenna, Italia, kuna kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547, ambamo mfalme Justinian na mkewe Theodora wametengenezwa kwa vipande vidogo vya kioo na dhahabu, na mafundi wakaviinamisha kidogo kila kimoja upande wake ili mwanga ucheze juu yake. Lakini watu wa Uruk, katika Iraki ya leo, walikuwa wakichomeka koni za udongo zenye ncha za rangi ukutani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Na hapa kwetu pwani, mabakuli ya kauri kutoka China yalipachikwa kwenye makaburi ya nguzo na vibla vya misikiti. Nendeni kwenye magofu ya Gedi, ambako kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. Nendeni Mambrui, au Kunduchi kule Tanzania. Mahali pengi mabakuli yameng'olewa, yamebaki mashimo ya duara. Mtaalamu atakwambia hiyo si mozaiki kwa maana kamili, na ni sawa. Mimi naona wazo ni lile lile: chombo kilichokuwa mezani kinapewa nafasi ukutani, na kinamsemea mwenyewe hata akiwa hayupo.

Hilo linanileta kwenye vifaa. Maduka ya vigae ya Mombasa Road na Eneo la Viwandani yana maboksi yaliyovunjika safarini. Ongeeni na msimamizi vizuri, mtapata kwa bei ndogo au bure. Hivyo ndivyo vya kujazia mandhari. Vipande vyenye uzito vitoke majumbani. Tangazeni mapema kwamba kila nyumba ilete kitu kimoja kilichovunjika au kilicho tayari kuvunjwa. Kwetu vilikuja vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu kutoka kwa familia ya Kisomali ya nyumba ya kona, kigae cha jikoni cha zamani, sahani za maua za harusi ya miaka ya themanini, chupa za kijani za soja, mlinzi wetu wa usiku, ambaye aliuliza kama naye anahesabika. Anahesabika. Muulizeni mapema asije akalazimika kuuliza.

Mama mmoja alileta kisosi kizima cha seti ya chai ya marehemu mamake. Vikombe vilikwisha kuvunjika zamani, kisosi kikabaki peke yake kabatini. Nilipomwambia anaweza kukirudisha nyumbani alikataa. Tulikitia ndani ya gunia, kama tunavyofanya na kila chombo ili vipande visiruke, akavaa miwani ya kukinga macho, na akaomba nyundo mwenyewe. Pigo la kwanza lilikuwa dogo mno, halikufanya kitu. La pili likakipasua vipande vitano vikubwa. Akavimwaga mezani, akavigeuzageuza, akachagua kile chenye waridi zima na akakitafutia mahali kwa muda mrefu, karibu na mlango wake. Vingine vinne akaviacha kwenye beseni la watu wote.

Nek Chand, mkaguzi wa barabara kule Chandigarh, India, alikusanya kwa siri vyombo na bangili zilizovunjika na mabaki ya vijiji vilivyobomolewa kupisha ujenzi wa mji ule mpya, akajengea bustani ambayo ilifunguliwa rasmi kwa umma mwaka 1976. Karibu nasi zaidi, Nani Croze alianzisha karakana ya vioo Kitengela, ng'ambo tu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na chupa na vioo vikuukuu vimepata maisha mapya huko. Wapelekeni watoto wakaone kabla hamjaanza.

Kuhusu picha: msiifanyie kura kila jani. Mkifanya hivyo mtapata ukuta wenye ngao, njiwa, mikono iliyoshikana na ramani ya Kenya, na hakuna atakayeutazama mara mbili. Mpeni mtu mmoja au wawili wenye jicho wachore mistari mikuu, kisha ndani ya mistari kila nyumba ijaze sehemu yake inavyopenda. Sisi tulichagua mjakaranda, mti ambao Oktoba hugeuza barabara zetu kuwa zambarau ingawa asili yake ni Amerika Kusini. Vigae vya zambarau ni adimu, lakini pangeni vipande vidogo vya buluu na vya waridi kwa kupokezana, mrudi nyuma hatua kumi, macho yatachanganya yenyewe. Tulikubaliana pia kabla ya kuanza: hakuna bendera, hakuna rangi za chama, hakuna aya za kitabu chochote. Makubaliano hayo yakifanywa kabla ya gundi kukorogwa ni mazungumzo ya dakika tano. Yakifanywa baadaye ni ugomvi.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, nalo ni mwanya. Kila anayeanza hutaka kubana vipande vigusane, akiamini ndivyo vitakavyoshikana. Vikigusana vinaharibika. Jua la mchana hupasha ukuta moto, usiku unapoa, kigae na saruji havitanuki kwa kiwango kimoja, na kipande kisicho na nafasi husukuma mwenzake mpaka kimoja king'oke. Acheni milimita tatu hivi kila upande, zaidi kidogo vipande vikiwa vikubwa. Baada ya siku moja gundi ikishika, jazeni mianya kwa grauti, yaani saruji laini ya kujazia. Grauti ndiyo inayozuia maji kupenya nyuma na ndiyo inayoufanya ukuta kuwa kitu kimoja. Chagueni ya kijivu iliyokolea. Nyeupe itakunywa vumbi letu jekundu ndani ya mwezi, na tena hufifisha rangi. Ya giza huzikuza. Ipakeni kwa kushindilia, mkono uende kimshazari. Kwa muda ukuta mzima utaonekana umefunikwa tope na mtu atalalamika kwamba mmeharibu. Subirini ianze kukauka, kisha futeni kwa sponji yenye unyevu kidogo tu, mkiisuuza kila mara. Maji mengi huinyonya grauti kutoka kwenye mianya.

Ninasema ninajali jambo hili kwa sababu nimesikia mno, tangu baada ya machafuko ya 2007 na 2008, hotuba za kutuambia sisi sote ni kitu kimoja. Majirani waliogeukana wakati ule walikuwa wamezisikia pia. Mimi sitaki kufanana na jirani yangu, wala simtaki ajue kila kinachopikwa kwangu. Ninataka kati yangu naye kuwe na nafasi iliyojazwa vizuri: zamu ya kulipa soja inayojulikana, kitabu cha michango kilicho wazi, mtu wa kupiga simu usiku mtoto akiugua, utaratibu wa matanga ambao haubagui wapangaji. Kazi hizo hazina sifa. Mweka hazina wa koti akifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka, na akizembea mwezi mmoja lango linabaki wazi. Kama mtaa wenu hauna hata chama cha koti, anzeni nacho kabla ya kununua kigae cha kwanza, kwa sababu mozaiki haitawajengea uaminifu ambao hampo tayari kuujenga kwa daftari na vikao.

Mfano huu una mpaka wake na ni vizuri kuusema. Kigae hakichagui kilipowekwa. Mtu huchagua, au anapaswa kuchagua. Nimeona koti ambako wenye nyumba watatu waliamua kila kitu, wapangaji wakaitwa siku ya kufuta grauti tu. Ukuta ulipendeza. Watu waliufuta, wakaenda zao, na ulipoanza kubanduka hakuna aliyehisi unamhusu. Kwa hiyo kila nyumba iwe na kauli moja, awe ana hati au ana risiti ya kodi, na nyumba za mabati zilizoegeshwa nyuma ni nyumba.

Mambo madogo ya mwisho. Kingo za kioo zilainishwe kwa jiwe la kunolea, hasa chini ya urefu wa bega la mtoto. Wanaovunja na kukata wavae miwani na glavu, na watoto wakae kwenye meza ya kupanga rangi. Kama ukuta unapakana na barabara ya umma, ombeni kibali cha kaunti kwa maandishi mapema. Mkimaliza, andikeni jina la rangi ya grauti mliyotumia na mnunue mfuko mmoja wa ziada, uwekwe pakavu, pamoja na beseni la vipande vilivyobaki. Mpangaji mpya akihamia, mwonyesheni beseni na mwambieni alete chake. Sisi tuliacha sehemu ya plasta tupu kando ya lango kwa ajili hiyo, na anayetunza beseni kwa sasa ni yule mama wa kisosi. Ukipita Jumamosi, mwulize akuonyeshe jinsi ya kukoroga.