Kipupwe kimeingia, onja maji yako

Tangu alfajiri mbingu imefunga. Si mvua ya kuitwa mvua, ni manyunyu ya kusi: yanapiga bati kidogo, yananyamaza, yanarudi. Nguo ziko kambani siku ya pili hazijakauka. Watu wa Mombasa bwana, joto likishuka digrii 24 tu tunavuta shuka na kulalamika baridi.

Mimi nimekaa mlangoni hapa Kisauni na chai yangu ya tangawizi, daftari mapajani, nachora bustani ya vuli. Ada hii nimeipata kwa binamu yangu aliyeolewa Leicester. Kila Januari, baridi kali iko nje na jua linazama saa kumi na kitu alasiri, yeye hutandaza makaratasi mezani akapanga atakachopanda baridi ikiondoka. Nyanya huziotesha ndani, kwenye vikopo dirishani, maana akizitoa mapema barafu ya usiku mmoja inazimaliza. Nilikuwa namcheka. Mtu hajaugusa udongo wake miezi miwili, anachora biringanya! Siku hizi simcheki.

Sasa, jana usiku dada mmoja wa Likoni ameniandikia: "Dada, nyanya zangu zinakauka pembeni mwa majani, nimeshapiga dawa mara mbili, nitie gani nyingine?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Nyanya anazozieleza nazijua. Ni zangu za mwaka jana.

Nilikuwa nimepunguzwa kazini. Nikajiapiza sitamwomba mtu hata mboga, nitalima kiwanja kile kile cha nyuma ya nyumba na ziada nitaipeleka Kongowea sokoni. Nikatangaza, hilo ndilo kosa langu la kwanza. Mtaa mzima ukajua. Nikawa nashinda kwenye simu natazama video za wakulima wa bara, wanaume wamevaa gambuti, wanakwambia tia chokaa, tia jivu, udongo utapoa. Nikatia. Nikatia na maganda ya mayai niliyokuwa nimeyakusanya kwa majirani kama mtoto anayekusanya vifuniko vya soda.

Hakuna aliyeniambia kwamba wale wenzetu udongo wao wa milimani una tindikali, chokaa kwao ni dawa. Huku kwetu chimba futi mbili tu unagonga mawe ya matumbawe. Ardhi yenyewe ni chokaa. Mimi nikaongeza chokaa juu ya chokaa, na majani machanga yakaanza kutoka ya manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, kwa sababu udongo ukizidi chokaa mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata yakiwepo tele.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kisima.

Uani kwetu pana kisima, maji yake meupe, baridi, unaona mpaka chini. Maji ya bomba yanakuja yakipenda, kwa hiyo bustani yote niliinywesha kisima, asubuhi na jioni, mkebe mmoja mmoja, jua la kaskazi la Januari na Februari likinichoma kisogo. Nyanya zilipofika magotini, pembeni mwa jani ukaingia ukingo wa kahawia, mwembamba kama mstari wa wanja. Kesho yake ukapanuka. Baada ya wiki jani likajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto, ukiligusa linavunjika. Maharagwe hayakungoja hata hayo, yalikufa yakiwa na majani manne. Juu ya udongo pakawa na ukoko mweupe. Nikaukwangua kwa kucha, nikafurahi, nikadhani ndiyo mbolea inafanya kazi!

Nikaenda duka la pembejeo, nikauziwa dawa ya ukungu. Nikarudi, nikauziwa ya wadudu. Mara ya tatu nikauziwa ya maji ya kuongeza nguvu, na yule kijana wa dukani hakuniuliza hata mara moja, mama, unamwagilia maji gani? Pesa zile bado zinaniuma. Na bado linaniuma neno la wifi yangu, aliyepita na kanga yake begani, akasimama, akaangalia, akasema: "Eh, hapa kilichobaki ni kuweka mashahidi wawili," yaani mawe ya kaburi. Akacheka. Wakacheka na aliokuwa nao.

Aliyenifungua macho ni mama mkubwa, Mji wa Kale. Yeye hana kiwanja, ana dari tu, na juu ya dari ana madebe ya asumini na mrehani ambayo ukipita chini Ijumaa unayasikia harufu kabla hujafika mlangoni. Nilimpelekea jani lile mkononi. Hakulitazama sana. Akaniuliza, "Mwanangu, hayo maji unayoyanywesha, wewe ungeyanywa?"

Nikanyamaza. Maji ya kisima kile hatuyanywi. Chai hatuipikii. Sabuni haitoi povu. Ya kunywa tunanunua kwa mwenye mkokoteni, mtungi wa lita 20, halafu mimi mzima na akili zangu nikayaona yanafaa kwa nyanya! Nikarudi nyumbani nikalamba kidole baada ya kuugusa ule ukoko mweupe. Chumvi tupu. Visima vyetu vingi viko karibu na bahari, na kadiri tunavyovuta maji matamu ndivyo ya chumvi yanavyosogea. Ukimwagilia kidogo kidogo juani, maji yanapaa, chumvi inabaki, kila siku tabaka jipya. Nilikuwa nakausha samaki.

Masika yalipita, yakasomba kilichokuwepo. Kisha kikaja kipupwe kama hiki, na hapo ndipo nilipofanya kazi ya maana, wakati kila mtu amejifungia. Nilikuwa nimewapeleka watoto Haller Park, Bamburi, kuona viboko. Wao wakaona viboko, mimi nikabaki natazama chini. Pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji, mwamba mtupu, na maji ya chini yana chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda cha saruji, alianza kupanda miti pale mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mvinje ndio ulioshika. Majani yake yakawa yanaanguka bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayatafuna, na kinyesi chao kikageuka udongo. Msitu mzima umesimama juu ya mavi ya jongoo. Samahani kwa lugha, lakini ndivyo ilivyo.

Nikaacha kuchoma majani. Takataka zote za uani, za mwembe, maganda ya ndizi, samadi ya mbuzi wa jirani, nikazilaza kwenye shimo mwezi wa saba, zikaiva mwezi wa kumi. Makumbi ya nazi nikayafukia chini ya matuta, yanashika maji kama sifongo. Machicha ya nazi usitie, mimi nilitia, panya wakafanya harusi.

Na manyunyu haya haya tunayoyalaani nikayakinga. Piga hesabu: bati la mita 10 za mraba, mvua ya milimita 10, unapata karibu lita 100. Nilianza na beseni na ndoo mbili, nikaishia na pipa. Maji ya kisima nikayaacha kwa spinachi, ambayo chumvi kidogo haiisumbui, na kwa mnazi, ambao haujali kabisa.

Vuli iliingia. Siwachoshi na habari za palizi. Mchicha nilichuma siku ya 25, kunde zikafuata, bamia zikazaa mpaka nikachoka kuzikata. Mwezi wa kumi na mbili wifi yangu akabisha hodi, hana la kupika, mvua imemzuia kwenda sokoni. Nilimpa. Nilimhesabia vishina vya mchicha kimoja kimoja, taratibu, nikiwa nimesimama pale pale aliposimama yeye siku ile. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kwa hiyo nyinyi mnaoniuliza mpande nini, mbona hamniulizi maji? Onja maji. Mnakimbilia mbegu ya paketi yenye picha nzuri, mnakimbilia dawa, na kisima hamjakionja. Ukiona yana chumvi usikate tamaa: kinga mvua, mwagilia mara chache lakini kwa wingi ili chumvi ishuke chini ya mizizi, funika udongo kwa majani jua lisiunyonye. Maharagwe yaache kabisa. Na chokaa, nawaomba, acheni chokaa! Tuna tabia ya kuona cha bara ndicho utaalamu na cha mama zetu ni ushamba, ilhali mama mkubwa wangu hajawahi kununua kitu dukani zaidi ya debe, na hilo debe lilikuja na samli. Vijana mnataka kuvuna Novemba, na mwezi wa saba mmelala. Shimo la mbolea halichimbwi na simu.

Yule dada wa Likoni nimemjibu neno moja: onja. Akaniuliza, "Nionje dawa?" Nikamwambia hapana mamangu, maji. Ameona ujumbe, hajajibu, nadhani ameenda uani. Na mimi nainuka, pipa limeanza kufurika na kata iko upande wa pili wa ua.