Viwanja vyote vimesogea mita 300: nifanyeje kwenye QGIS?

Swali: Niko ofisi ya ardhi ya halmashauri, mkoani Morogoro. Nimepewa shepufaili (faili la ramani) ya viwanja vilivyopimwa zamani, haina faili la .prj, lile linalotaja mfumo wa viwianishi, yaani namba za mahali. QGIS, programu yangu ya ramani, iliponiuliza mfumo nikachagua WGS 84, UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 Kusini. Juu ya picha ya setilaiti viwanja vyote vimekaa kaskazini ya mahali pake, kama mita 300. Nimevibadilisha kwenda latitudo na longitudo, bado viko palepale. Mpimaji alikosea?

Jibu: Usimlaumu mpimaji bado, ndugu yangu. Angalia tena picha yako: bila shaka vimesogea na magharibi pia, karibu mita 90. Makosa ya kupima hayasogezi mtaa mzima kwa pamoja, upande mmoja, bila kupinda. Hizo namba ni za Arc 1960, na wewe umeiambia programu ni za WGS 84.

Arc 1960 ndiyo datumu, yaani msingi wa kupimia mahali, ya ramani zetu za zamani, zikiwemo zile karatasi za 1:50,000 za mfululizo wa Y742. Imejengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, na nukta yake ya kuanzia iko Buffelsfontein, Afrika Kusini. WGS 84, ambayo GPS ya simu yako inaitumia, ina umbo lake na kitovu chake. Tatizo ni kwamba zote mbili huandikwa kwa gridi ileile ya UTM. Nukta ya pale Morogoro mjini itasomeka 352,000 na ushei mashariki na 9,246,000 hivi kaskazini, iwe Arc au WGS. Kwa macho huzitofautishi. Afadhali ungekosea kanda, ukachagua 36: viwanja vingerukia Katavi na ungeshtuka siku hiyohiyo. Mita 300 ni kosa la kimyakimya.

Sasa kwa nini kubadilisha hakukusaidia? Kwenye QGIS kuna amri mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. "Set Layer CRS" (CRS ni mfumo wa viwianishi) haigusi namba hata moja. Inabandika lebo tu, kama kuandika mchele juu ya gunia la maharage. "Reproject Layer" ndiyo inayokokotoa viwianishi upya, lakini inaiamini lebo iliyoikuta. Wewe lebo yako ilikuwa ya uongo tangu mwanzo, kwa hiyo programu ikaupeleka uongo uleule, kwa usahihi mkubwa, hadi kwenye latitudo na longitudo.

Lifute hilo faili ulilobadilisha, rudi kwenye la awali. Kwanza, kwa "Set Layer CRS", weka lebo ya kweli: EPSG:21037 (namba ya orodha ya mifumo), yaani Arc 1960, UTM kanda ya 37 Kusini. Hapohapo utaona viwanja vinarudi mahali pake juu ya picha. Ndipo utumie "Reproject Layer" kwenda EPSG:32737, yaani WGS 84 kanda hiyohiyo, na kuhifadhi faili jipya. Programu ikikuuliza njia ya kubadilisha datumu, chagua ya Tanzania, si ile ya wastani wa Kenya na Tanzania. Hiyo ya wastani (utaitambua kwa mita zake za kusogeza kitovu: −160, −6, −302) imeandikiwa usahihi wa mita 35 hivi. Kisha nenda na GPS kwenye daraja au njia panda inayoonekana kwenye ramani, ulinganishe.

Mimi mwenyewe niliwahi kulibadilisha faili ambalo mwenzangu alishalibadilisha, kwa kuwa jina halikusema kitu. Mashamba yakaenda mita 300 kusini. Ukiona yameenda kusini na mashariki, basi jua yamebadilishwa mara mbili. Tangu hapo naandika datumu kwenye jina la faili: viwanja_arc1960_37S. Na usiyaburute kwa mkono hadi yaonekane yamekaa sawa; atakayelipokea faili hatajua ulichofanya.

Ila hesabu hii ni ya ramani za mipango. Kama kuna mgogoro wa bikoni (alama za mipaka ya viwanja) kati ya majirani, usiende nayo. Pimeni upya kutoka kwenye nukta za msingi zilizo ardhini, kwa sababu hata mita tano hapo ni nyumba ya mtu.