Fangasi wamekufa, mbona kichwa bado kinauma?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu anaishi na VVU. Alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, akapona, kisha akaanzishiwa ARV. Wiki kadhaa baadaye kichwa kimeanza kumuuma upya. Maji ya uti wa mgongo yameoteshwa maabara na hakuna fangasi aliyeota. Tumeambiwa ni kinga yake mwenyewe. Kinga iliyopanda inamdhuru vipi?

JIBU: Marahaba. Hilo hutokea, tena si mara moja moja.

Kwa mtu mwenye VVU, fangasi wa aina hii huwa karibu kila mara ni Cryptococcus neoformans. Tunamvuta kwa pumzi kutoka kwenye udongo na kinyesi cha ndege, na wengi wetu mapafu humdhibiti kimya kimya. CD4, yaani chembe nyeupe zinazoongoza kinga ya mwili, zikishuka chini ya 100, huingia kwenye damu. Mishipa midogo ya ubongo ina kuta zilizobana sana, lakini yeye hupenya. Njia yake mojawapo ni kujificha ndani ya makrofaji, yaani askari wa kinga aliyemmeza akashindwa kumuua.

Akishafika ndani amevaa ganda nene la sukari, na mikroglia, walinzi wa ubongo wenyewe, hupata shida kummeza. Ndiyo maana mgonjwa mwenye kinga ndogo anaweza kuwa na fangasi tele kwenye maji ya uti wa mgongo huku chembe nyeupe zikiwa chache na shingo haijakakamaa. Fangasi na maganda yao huziba njia za maji hayo kutoka, shinikizo ndani ya fuvu likapanda. Shinikizo hilo huua wengi, na kulipunguza kwa kuchota maji mgongoni kwa sindano, hata kila siku ikibidi, ni sehemu muhimu ya tiba. Ndugu wengi hukataa sindano hiyo kwa woga, jambo linalonisikitisha.

Sasa swali lako. Dawa huua fangasi, lakini vipande vya ganda hubaki kwa wiki, hata miezi. ARV zikirudisha CD4, seli hizo huyakuta mabaki na kuyashambulia kana kwamba vita ndiyo kwanza inaanza. Ubongo huvimba, na fuvu halitanuki. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri ARV zisubiri wiki 4 hadi 6 tangu tiba ya fangasi ianze.

Muulizeni daktari wake kama shinikizo limepimwa safari hii. Kipimo cha antijeni, yaani kinachotafuta vipande vya ganda la fangasi, kikisema “chanya” msishtuke, kwani husoma hata mabaki. Cha kuotesha ndicho kinachoonyesha fangasi hai. Steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa hali hii, ila zisitolewe kabla ya kuthibitisha kwamba hakuna fangasi hai: utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba deksamethasoni, mojawapo ya steroidi, ikitolewa mwanzoni mwa ugonjwa huleta madhara zaidi. ARV asiziache kwa uamuzi wake. Akianza kuona vitu viwili viwili, kutapika au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.