Jibu: Maganda ya risasi ya Salaita
Ndugu, umeuliza kama maganda ambayo mashine yako ya kutambua vyuma imeyanasa kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ni ya Mwingereza au Mjerumani wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tazama kitako, yaani upande wa nyuma wa ganda. Kikiwa na ukingo uliotokeza nje, na ganda lina urefu wa milimita 56 hivi, ni la bunduki ya .303 ya Mwingereza. Kama hakuna ukingo, ila mfereji tu, ni la Mauser, bunduki ya Mjerumani, ya milimita 7.92. Lile nene, lenye mdomo wa milimita 11, ni la Mauser 71 ya baruti nyeusi, bunduki ya askari wetu weusi wengi upande wa Mjerumani. Moshi wake uliwafichua walipojificha. Hilo huniuma kila nikiokota moja.

Usisugue kitako, herufi zitafutika. Mapigano ya tarehe 12 Februari 1916 yalikuwa na mizinga pia, kwa hiyo ukikuta chuma kikubwa, huenda ni kombora lisilolipuka: usikiguse, waite polisi. Na omba kibali Makumbusho ya Taifa kabla hujachimba tena.