Ukienda Japani kujifunza brashi, kile kifuniko kitupe

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Morogoro, ambaye hatujawahi kuonana uso kwa uso, kaniandikia: "Dada Asha, mwezi wa tisa naenda Japani siku kumi. Nimeona picha zako za yale maandishi ya brashi. Na mimi nataka warsha moja, ipi nzuri na isiwe ghali?" Nikamjibu mistari mitatu. Usiku usingizi ukakataa, maana mistari ile mitatu ilikuwa ya mtu anayejifanya hajawahi kuaibika. Kwa hiyo leo namjibu kweli kweli, na wewe mwenye tiketi mkononi (au mwenye kuiota, sote tulianzia hapo) sogea.

Mimi nilikwenda Hiroshima kwa kozi ya kazi ya wiki tisa. Kozi ilihusu mabomba ya maji, tuiache hapo hapo. Mwisho wa wiki ulikuwa wangu.

Jumamosi ya kwanza nikapanda treni mpaka mji mmoja mkubwa wa watalii, nikalipa yeni 6,000 kwa dakika hamsini. Nikavishwa kimono cha kuazima, nikakalishwa mbele ya karatasi. Wino ushamiminwa kutoka kwenye chupa, brashi ishalainishwa, kila kitu tayari kama harusi ya mtu mwingine. Mwalimu, mama mchangamfu kweli, akanishika mkono kwa nyuma tukaandika pamoja. Kila nilichofanya kilikuwa "sugoi", yaani ajabu, safi sana. Nikidondosha wino, sugoi. Nikipindisha mstari, sugoi. Mwisho akatazama orodha yake ya sauti, akaniandikia jina langu kwa kanji mbili (herufi zenye asili ya China, kila moja na maana yake), akapiga muhuri mwekundu, akanipiga picha. Nilirudi nimevimba kichwa. Ile picha mliiona, mliipenda sana, na mimi nikawaacha muipende.

Siku chache baadaye nikamwonyesha bwana mmoja tuliyekuwa naye kwenye kozi. Akaitazama, akanyamaza, akauliza kwa upole nani ameniandikia. Kumbe kanji ya kwanza, inayosomwa "a", hutumika kuitaja Asia, lakini maana yake yenyewe ni kinachofuata, cha daraja la pili. Ya pili, "sha", ni gari. Yaani mtoto wa watu nimetoka Jambiani, nimevuka bahari, nimelipa, nikaandikwa Gari la Daraja la Pili. Na nchi yenyewe ndiyo hiyo inayotuletea kila Noah na kila Vitz iliyokwisha kutumika! Nilicheka naye. Nilipofika chumbani sikucheka.

Basi ushauri wa kwanza: jina lako la kigeni liandikwe kwa katakana, zile herufi za sauti ambazo Wajapani wenyewe huandikia majina yetu. Ukitaka kanji, chagua neno unalolijua maana, ulijifunze hilo. Na umwulize mwalimu kabla hujalipa: nitaandika mwenyewe, au nitaandikiwa?

Yule bwana, nadhani kwa huruma, ndiye aliyeniambia niache mji mkubwa niende Kumano. Angalia hapa usipotee: kuna Kumano ya mahujaji kule Wakayama, yenye njia za milimani na mahekalu. Si hiyo. Kumano ya brashi iko mkoa wa Hiroshima, mji mdogo uliozungukwa na vilima, na kwa basi kutoka stesheni ya Hiroshima hata saa nzima haifiki. Asilimia 80 hivi ya brashi zinazotengenezwa Japani hutoka hapo. Ajabu yake ni kwamba malighafi si za hapo. Manyoya mengi hutoka China. Walichokuwa nacho ni shida. Mashamba hayakutosha, kwa hiyo wakulima wa enzi ya Edo (1603 hadi 1868) walikuwa wakienda vibarua upande wa Nara, mji mkuu wa kale, na wakirudi wanabeba brashi na wino wa kuchuuza njiani. Baadaye vijana wao wakajifunza kuzitengeneza wenyewe. Baada ya vita kuu ya pili kaligrafia, yaani uandishi wa brashi, ikaondolewa kwenye skuli za msingi kwa muda, soko likaanguka, mafundi wakageukia brashi za rangi na za vipodozi. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Japani ilipochukua Kombe la Dunia, serikali iliwapa wachezaji tuzo ya heshima pamoja na seti ya brashi za vipodozi za Kumano. Dada zangu mnaolipia brashi za kujipodoa bei ya mbuzi, nyingine zimezaliwa hapo.

Safari yangu ya kwanza nilikwenda Jumatatu. Nilijisingizia tumbo nikakwepa kozi, nikafika Fude no Sato Kobo, makumbusho ya brashi, nikakuta mlango umefungwa. Jumatatu wanapumzika. Tumbo likauma kweli.

Mara ya pili nilikwenda siku ya haki. Ndani kuna brashi moja ina urefu wa mita 3.7 na uzito wa kilo 400. Kila mtu anapiga nayo picha, na mimi nilipiga. Lakini kilichonileta ni mafundi wanaofanya kazi pale pale mbele yako. Aliyenipokea alikuwa mzee mwenye cheo cha dentokogeishi, fundi wa jadi anayetambuliwa na taifa. Cheo hicho hukigusi kabla ya miaka 12 kazini na mtihani juu yake. Nikamwita sensei, yaani mwalimu, kama wenzangu, akaitikia kwa kichwa bila kuacha alichokuwa anakifanya.

Brashi moja hupita hatua sabini na kitu. Manyoya ya mbuzi, singa za farasi, manyoya ya kicheche, ya tanuki (mnyama wa jamii ya mbwa, mnene, wa usiku) huchambuliwa kwanza. Kisha hunyunyiziwa majivu ya pumba za mpunga, hupigwa pasi, hufungwa ndani ya ngozi ya paa na kusuguliwa mpaka mafuta yatoke, maana unywele wenye mafuta haushiki wino. Halafu huja kazi iliyonifunga mdomo: sensei anashika fungu la manyoya kwa mkono mmoja, kisu kidogo kwa mwingine, anapapasa ncha kwa kidole gumba, na unywele uliogeuka au uliokatika anauchomoa. Hauoni. Anausikia. Ncha yenyewe haikatwi kamwe, hupunguzwa upande wa shina tu. Ule unywele wa katikati unaotangulia wenzake wote huitwa inochige, unywele wa uhai, na ukishakatika brashi imekwisha makali yake.

Mgeni hapewi hayo. Mgeni hupewa hatua ya mwisho, na msidanganyike na tangazo lolote linalosema utatengeneza brashi kuanzia mwanzo kwa saa moja. Kichwa kimeshaundwa, kimeshafungwa kwa uzi wa katani, kimeshaingia kwenye mpini. Kazi yako ni kukichovya kwenye gundi, kukichana, kukizungushia uzi na kukaza huku unauzungusha mpini, gundi ya ziada itoke na ncha ijikusanye iwe kama chipukizi.

Sensei akafunua chungu cha gundi. Nikanusa, nikaganda. Ilikuwa pwani! Gundi ile, funori, hutengenezwa kwa mwani. Si mwani wetu, ni wa jamii nyingine, lakini harufu ni ile ile ya kanga za mama akirudi kutoka shambani maji yakiwa yamekupwa. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya mama amesimama kwenye maji ya magotini kati ya vijiti na kamba za mwani. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Akasema kitu kimoja ambacho mkalimani wa simu alikigeuza kuwa "kazi ya mgongo." Akanirudishia simu, akanipa uzi.

Nikakaza mno. Kichwa kikabanwa kiuno kama siafu. Sensei akafungua, akachovya, akachana. "Mo ikkai." Mara nyingine tena. Nikalegeza mno, gundi ikabaki. Akafungua. Mo ikkai. Mara tano, ndugu zangu, na hakuna sugoi hata moja. Ya sita akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaiweka kwenye kijiti ikauke. Hakusema lolote. Nimewahi kupewa vyeti vyenye mihuri vilivyonifurahisha kidogo kuliko kimya kile.

Brashi ilinipeleka kwa mwalimu wa mtaani aliyekuwa akifundisha watoto Jumamosi. Nikakaa na watoto wa miaka minane, magoti yanalia, tukaandika herufi moja tu: 永, "ei", umilele. Huandikwa kwa mipigo mitano tu, lakini ndani yake mna mbinu nane za msingi za brashi, zikiwemo: nukta, kusimama, ndoano, kufagia. Mwalimu anasahihisha kwa wino mwekundu juu ya kazi yako. Karatasi zangu zilikuwa kama machinjioni. Jumamosi ya mwisho nikapata duara moja jekundu, dogo, kwenye ndoano. Duara hilo nimelitia fremu. Lile Gari la Daraja la Pili nimelificha chini ya godoro.

Hapa ndipo ninapowasema kidogo, na mnivumilie. Sisi tunapenda kusafiri ili tuonekane tumefika. Tunanunua dakika hamsini za sifa. Tuna msemo wetu kwamba mchagua jembe si mkulima, na Wajapani wana wao karibu huo huo: Kobo hachagui brashi. Kobo ni Kukai, mtawa aliyekwenda China mwaka 804 akarudi 806, na ndiye anayetajwa kuleta ufundi wa brashi Nara. Lakini Kukai mwenyewe alichagua sana! Mwaka 812 alimpelekea Mfalme Saga brashi nne za manyoya ya tanuki, kila moja kwa aina yake ya mwandiko. Kwa hiyo chagua. Chagua mahali, chagua mwalimu atakayekwambia umekosea, weka nafasi mapema, usiende Jumatatu. Chagua mwalimu atakayekwambia umekosea. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe nililipia asiyeniambia.

Na sasa aibu yenyewe, iliyoninyima usingizi. Brashi mpya huja na kifuniko chembamba cha plastiki cha kulinda ncha dukani na njiani. Brashi ikishaingia kwenye maji, kifuniko hicho hutupwa. Sensei aliniambia. Mwalimu wa mtaani aliniambia. Nimefika Unguja, masika, nikaandika "ei" zangu, nikaosha brashi, nikairudishia kifuniko chake kwa mapenzi, nikaitia kabatini. Baada ya wiki mbili nikaifungua. Ilinuka. Ukungu kwenye shina, na nilipoivuta kidogo, manyoya yakaja na vidole. Brashi ya mara sita. Unyevu hauna pa kutokea, shina linaoza. Osha kwa maji ya kawaida, ikaushe kwa kuining'iniza kichwa chini, kifuniko kitupe. Hapo hapo dukani kitupe, usikibebe nyumbani.

Mdogo wangu wa Morogoro, siku zako kumi nimezihesabu. Kama utakuwepo siku ya ikwinoksi ya Septemba, mchana na usiku vinapolingana, yaani tarehe 22 au 23, siku hiyo Kumano wana tamasha lao la brashi, tangu 1935. Ngazi za hekalu la Sakakiyama huning'inizwa brashi pande zote, na brashi za zamani zilizochoka huchomwa moto kwa ibada ya shukrani. Tafadhali niandikie unaondoka lini na unapitia Dar saa ngapi. Nina kifurushi chepesi, hakizidi gramu hamsini, nimekifunga kwenye kipande cha kanga. Uwape waitie motoni na yangu.