Mikahawa ya Mombasa ya Kurudiwa, kwa Kila Mfuko na kwa Saa Yake

Wageni wakiniuliza pa kula Mombasa hutaka niwatajie jina la mkahawa, nami huwauliza kwanza watakwenda saa ngapi. Nimekula katika mji huu katika miaka ya kuhesabu sarafu na katika miaka ya nafuu, na jambo moja limenithibitikia katika hali zote mbili: chakula cha Mombasa kina saa yake, na mkahawa unaostahili kurudiwa ni ule unaoijua saa hiyo na kuiheshimu. Chakula kile kile kinachokufanya ufumbe macho saa moja asubuhi kinaweza kukuchosha kabisa saa tano, hata kama mpishi ni yule yule na bei haikupanda.

Nianze na mfuko mdogo, kwa sababu huko ndiko Mombasa inakowashinda wengi. Kiamshakinywa cha mji huu ni mahamri na mbaazi za nazi, na mahali bora pa kukipata ni kwenye meza na vibanda vya vichochoro vya Mji wa Kale, vingi vyao vikiwa havina hata kibao cha jina. Hamri nzuri huvimba ikawa na uwazi ndani, hunukia iliki, na inapochanwa hutoa mvuke. Ikishapoa hukaza na kuanza kuvutika, na hakuna kupashwa moto kutakakoirudisha ilivyokuwa. Mbaazi nazo huwa tamu zaidi tui zito linapokuwa limetiwa punde tu, kabla halijachemka tena na tena hadi likakatika na kuacha mafuta yakielea juu. Kwa hiyo fika kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, ukae pale penye wanafunzi na wafanyakazi wa bandarini wanaokula kwa haraka, maana foleni yao ndiyo inayomlazimu mwenye karai aendelee kuchoma. Shilingi 200 humshibisha mtu, na chai ya tangawizi ikiwamo. Chukua pesa ndogo ndogo. Wengi hupokea malipo ya simu, lakini asubuhi ile mwenye mikono yenye unga hushukuru kupewa sarafu kamili.

Saa ya pili ya mfuko mdogo ni alasiri, kuanzia saa kumi, watoto wanapotoka chuoni, yaani madrasa. Huo ndio wakati wa viazi vya karai, ambavyo huchemshwa, vikachovywa katika unga uliokorogwa kwa bizari ya manjano, kisha vikatumbukizwa katika mafuta ya moto. Hapa usikitazame kiazi peke yake. Viazi hufanana kila mahali, na kinachompambanua muuzaji ni ukwaju na chatini ya nazi. Onja ukwaju kwanza kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia: ukiwa mwepesi kama maji na una sukari nyingi, nunua viwili tu, shukuru, uende zako. Ukiwa mzito, wenye ukali wa pilipili unaokuja nyuma ya uchachu, umempata mtu wa kumrudia, na utamrudia miaka mingi, kwa kuwa wauzaji wa namna hii mara nyingi hawahami kona yao.

Jioni za Jumamosi na Jumapili familia nyingi huelekea Mama Ngina, ufukwe ambao ulijengwa upya na ambao mwaka 2019 ndiko zilikofanyika sherehe za kitaifa za Sikukuu ya Mashujaa. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, dafu lililokatwa mbele yako, na meli kubwa zikipita karibu kuingia Kilindini. Sijui kama kuna mji mwingine ambapo fedha kidogo namna hiyo hununua jioni kamili.

Sasa biriani, ambayo ni suala zito. Hii ni kazi ya Ijumaa. Siku nyingine utaipata, na baadhi ya mikahawa huipika kila siku kwa uaminifu, lakini Ijumaa mchana sufuria ni kubwa, nyama imelala usiku kucha katika mtindi, thomu, tangawizi na papai bichi, na mpishi anajua kwamba watu watatoka msikitini wakiwa na njaa na wenye kulinganisha. Biriani ya Mombasa hupakuliwa rojo yake ikiwa kando ya wali au juu yake, kwa hiyo utaihukumu kwa vitu viwili. Wali uwe umeachana punje kwa punje, mwingine mweupe na mwingine wenye rangi ya zafarani. Rojo nayo iwe nzito kwa wingi wa vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya hudhurungi, wala isiwe imezidishiwa nyanya ya kopo, ambayo hujitambulisha kwa wekundu wake mkali na uchachu usio na kina. Fika kabla ya saa nane. Baada ya hapo utapata sehemu ya chini ya sufuria, na ingawa wapo wanaoipenda, mimi sikushauri kuanzia huko.

Wakati wa kuchagua mkahawa wa biriani, orodha ndefu ya vyakula impe mtu sababu ya kuwa na tahadhari. Upo mkahawa mmoja mjini ambao nilikuwa nikiupenda kwa pilau yake. Ulipoongeza piza, baga na tambi za Kichina, pilau ikaanza kuja ikiwa imepashwa moto, kavu pembeni na baridi katikati, na wenyeji wakaondoka kimya kimya mmoja baada ya mwingine. Sioni uchungu kuhusu piza. Ninachosikitikia ni mpishi hodari aliyegawanywa vipande.

Kwa mfuko wa kati, jina ninalolitaja bila kusita ni Tarboush, kwenye Barabara ya Makadara. Ni mahali pa usiku. Mkaa huwashwa, meza hujaa, na kuku wa tikka, mishkaki na shawarma hutoka kwa kasi ambayo haiachi kitu kikae kikapoa. Agiza tikka pamoja na mkate wa naan, na usikubali kuchukua chipsi badala yake, kwa sababu mkate ndio unaobeba mafuta na ndimu iliyobaki kwenye sahani. Nenda baada ya sala ya isha, moto ukiwa umetulia na kaa limekuwa jeupe. Anayetangulia sana hukutana na miali mikali inayounguza ngozi ya kuku kabla ndani hakujaiva. Watu wawili hushiba hapo kwa chini ya shilingi 2,000 bila kujibana.

Wa mfuko huo huo ni Blue Room, ya Barabara ya Haile Selassie, ambayo imekuwa ikiwahudumia watu wa Mombasa tangu 1952. Sambusa na aiskrimu, mchana wa joto, basi. Ukitaka mapishi ya Kihindi yenye utulivu wa kukaa na kuzungumza, Shehnai ina sifa yake ya muda mrefu katika vyakula vya Kimughal, na hapo ushauri wangu ni kwenda mkiwa wanne au zaidi ili muweze kuweka mabakuli mengi katikati ya meza, kwani mlo wa namna hiyo haukupikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Nayo Jahazi Coffee House, katika Ndia Kuu karibu na Fort Jesus, naiweka kwa saa ile ya mchana ambayo jua halivumiliki: unaketi juu ya mito, unaagiza kahawa yenye viungo, na hakuna anayekuharakisha.

Kuhusu mfuko mkubwa nina neno zaidi la kusema, kwa sababu huko ndiko fedha hupotea kwa urahisi. Hoteli nyingi za ufukweni hutoza bei ya mandhari huku zikikupa samaki ambaye ungempata bora zaidi kwenye kibanda. Tamarind ni tofauti, na ndiyo maana hurudi huko kila ninapokuwa na jambo la kusherehekea. Mkahawa huu ulifunguliwa mwaka 1977 upande wa Nyali, juu ya mkono wa bahari, ukitazamana na Mji wa Kale na bandari yake ya majahazi. Kwa kuwa uko ng'ambo ya mashariki ya kisiwa cha Mombasa, jua huzama mbele yako, nyuma ya minara na mapaa ya mji. Kwa sababu hiyo weka nafasi mapema, uombe meza ya nje, na uwe umeketi kufikia saa kumi na mbili kasorobo. Atakayefika saa mbili usiku atalipa bei ile ile bila kuona nusu ya alichokilipia.

Kuhusu chakula chenyewe, hapo huliwa vya bahari. Kamba wa kuchoma wenye pilipili ndio walioupa mkahawa huo sifa, na ndio ninaowaagiza kila mara. Kaa ni wa kuagizwa na mtu asiyeona haya kutumia mikono. Gharama ni maelfu kadhaa kwa kila mtu, na kambakoche huipandisha zaidi. Njia ninayoitumia kuipunguza ni kuagiza sahani moja kubwa ya kugawana, wali wa nazi, na kuacha vitangulizi. Muulize mhudumu ni nini kilichoingia kutoka baharini siku hiyo. Akijibu kwa haraka na kwa jina la samaki, mfuate anachokishauri.

Lipo jambo la mwisho kwa wanaopanga safari. Katika mwezi wa Ramadhani saa zote nilizozitaja hubadilika. Mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana, na asubuhi hutapata mbaazi. Badala yake, kuanzia alasiri meza hupangwa barabarani zikiwa na vyakula ambavyo miezi mingine havionekani kwa wingi huo: mikate ya sinia, vitumbua, kaimati zilizomwagiwa shira, sambusa za kila aina. Ununue nusu saa kabla ya adhana ya magharibi na ubebe ulichonunua, kwa kuwa adhana ikilia mwenye meza naye anafuturu, na hatauza kitu hadi amalize sala.